Nukta Moja Pembeni

Wifi yangu, mke wa kaka, hakutaka mtu mwingine amguse. "Kama ni kuvuliwa nguo, anivue mbea ninayemjua," aliwaambia manesi, nao wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Picha ya titi lake nilikuwa nimeshaiona: chembe nane za chokaa zimesongamana mahali pamoja, kama zinavyosongamana kwenye saratani, na hazikunipendeza hata kidogo.

Kazi yangu ni rahisi kuieleza. Daktari anachoma sindano na kutoa vipande vya nyama, vyembamba kama tambi. Mimi navipanga kwenye trei, navipeleka chumba cha pili, navipiga eksirei. Chembe zikionekana ndani ya vipande, tumepatia. Zisipoonekana, sindano inarudi.

Siku ile ganzi haikumshika vizuri. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata alipokuwa akizaa. Nikapiga picha. Ilikuwa na nukta moja tu nyeupe, pembeni kabisa.

"Zimo?" daktari aliuliza akiwa mlangoni. Alishavua glavu moja. Miaka kumi na sita tumefanya kazi pamoja, alikuwa ananiamini kuliko macho yake.

"Zimo," nikasema. Nilimhurumia wifi, basi.

Baada ya kuosha trei niliipiga picha ikiwa tupu, jambo ambalo utaratibu unataka lifanywe kabla, si baada. Nukta ilikuwa palepale. Ulikuwa mkwaruzo wa trei.

Ningeweza kumrudisha siku ileile. Nikajiambia acha nisubiri maabara. Majibu yakaja: hakuna saratani. Ingeonekana vipi, wakati tuliwapelekea nyama ya pembeni mwa chembe? Kaka alinikumbatia kwa furaha, nami nikafyata ulimi. Mwoga mkubwa mimi.

Mwaka haukuisha, kwapa la wifi likavimba. Walipompima tena, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Mchana mmoja nilikaa naye wodini, kaka ametoka kutafuta dawa. Nikamweleza yote: nukta, trei, ukimya wangu. Nilimaliza nikiwa nalia.

Nilitamani anitukane, maana matusi anayajua.

"Kaka yako asijue," alisema. "Nikiondoka mimi, atabaki na wewe tu."