Chenga za Matufaha

...na siagi ilikuwa baridi nilipoanza, hilo nina hakika nalo, niliitoa kwenye friji ikiwa ngumu kama sabuni ya mche, nikaikata vipande, nikaitia kwenye unga na sukari, nikaanza kufikicha kwa ncha za vidole kama afanyavyo mke wangu kila akitaka kutupikia kitu kitamu cha baada ya chakula, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani bila nia ya kununua, na kwa kawaida hapa pangekuwa na chenga tayari, chenga kavu za kumwaga juu ya matunda na kuoka mpaka zivunjike chini ya kijiko, ndiyo maana hapa nyumbani tunakiita chenga, jina lake lenyewe hatulijui na hatujawahi kulihitaji, lakini hiki kilichomo bakulini si chenga, hiki ni udongo wa mfinyanzi, kimening'ang'ania vidole kama jamaa mwenye shida, na matufaha yameshamenywa, nanasi limeshakatwa, mdalasini na ndimu vimo, trei inangoja, oveni inangoja, na upande wa pili wa mlango huu anangoja afisa ustawi wa jamii ambaye leo, akishamaliza chai yake na maswali yake, atakwenda kuamua kama mimi na mke wangu tunafaa kupewa mtoto... nisiwaze hilo, niwaze siagi, siagi haiulizi kitu... "tangu utotoni yuko hivyo hivyo," hiyo ni sauti ya dada yangu mkubwa, tumemwita kwa sababu ofisi inataka ndugu mmoja wa kutushuhudia, na katika ukoo mzima tukamchagua mwenye sauti ya king'ora, "mkate, mwanangu, mkate wa chai, huyu alikuwa anaugawa kwa rula ya shule, na ukipiga kelele, atakunyang'anya ulioushika aupime upya," na afisa anacheka, au anakohoa, mlango ni mzito, siwezi kujua, na kati ya kucheka na kukohoa ndipo ulipolala mustakabali wangu, nyamaza, dada, mwambie nilivyokubeba mgongoni ulipovunjika mguu, mwambie jambo la maana, lakini rula, kana kwamba haitoshi kwamba kazi yangu ni kukagua mizani, tangu ujana naingia maduka ya watu na mawe yangu ya mizani kwenye sanduku, wakiniona mlangoni wanaanza kupangusa sahani ambazo hazijapanguswa tangu nilipotoka, kazini wananiita Gramu, na sikumbuki mwenye duka aliyefurahi kuniona kabla hajaniona mgongo, basi leo zamu yangu, mwosha huoshwa, wahenga walisema kweli, ila hawakusema kwamba mwoshaji atakuwa na umri wa mpwa wangu, viatu visivyotoa sauti, na kalamu inayolia tik kila ukishajibu, tik, na huwezi kujua tik hiyo ni ya heri au ya shari.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka jikoni, "wewe pika leo, bwana, ukikaa sebuleni utaanza kumkagua yeye," alisema akinifunga aproni yake yenye maua, na tukacheka wote wawili, halafu tukaacha kucheka kwa pamoja, kwa sababu tulijua... na asubuhi hii afisa ametembezwa nyumba nzima, mimi nikiwa nyuma kama mpangaji anayedaiwa, mpaka chumba cha nyuma, ambacho kwa miaka yote tumekiita chumba cha pasi kwa vile kina ubao wa kupigia pasi, na kwa vile hakuna kati yetu aliyethubutu kukiita jina lile lingine tulilokikusudia, sasa kina kitanda kidogo na shuka la rangi ya machungwa, na yule binti afisa akalitazama dirisha akauliza, "Hili linafunguka?" linafunguka, "Mtoto anaweza kulifungua mwenyewe?" na hapo nikaona mtego, mimi ni mtumishi wa umma, naujua mtego wa kitumishi nikiuona, akiweza kulifungua ataanguka, asipoweza hatatoka siku ya moto, yaani jibu sahihi ni ndiyo na hapana kwa sauti moja, na mke wangu, Mungu amzidishie, akasema, "Analifungua akiambiwa," tik, tukavuka... halafu uani, "Kuna kisima?" hakuna kisima, mama, "Sawa, na kimefunikwa?" kwa sababu kwenye fomu yake swali linalofuata linauliza kama kimefunikwa na nafasi haiwezi kuachwa wazi, na mke wangu bila kutikisa kope, "Kimefunikwa vizuri mno, ndiyo maana hukioni," tik, na mimi ikabidi niwageuzie mgongo nikatazame ukuta wa jirani, maana ningecheka kicheko kile cha msibani kisicho na breki, na nani atampa mtoto mwanaume anayecheka ukuta...

Sasa huu udongo, huu udongo umetoka wapi, vipimo ni vile vile vya mke wangu, unga kiasi chake, siagi kiasi chake, nimepima kila kitu mara mbili, kwanza nikaipima mizani yenyewe, na... hapo, hapo hapo, ewe mjinga mwenye cheti... mizani, bila shaka, ile mizani ya jikoni tuliyopewa siku ya harusi, asubuhi niliitazama sindano yake ikiwa imekaa mbele kidogo ya sifuri sahani ikiwa tupu, miaka yote hii kumbe inadanganya nyumbani kwa mkaguzi, nikaona aibu, nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu ya chini, nikairudisha sindano kwenye sifuri, nikajisikia nimeisafisha nyumba dhambi kabla mgeni hajafika, na sikuwaza kwamba mke wangu alijifunza kupika chenga kwa mizani ile ile mwongo, kila ilipomwambia siagi imetosha ilikuwa bado, unga ni mwingi, ukipunjwa kidogo hausikii, lakini siagi ni kidogo, ukiipunja kiasi kile kile umeila sehemu kubwa, na ni upungufu huo huo uliofanya chenga zetu ziwe kavu na watu walambe vijiko, na mimi leo, siku ya kuonyesha kwamba hapa pana nyumba, nimeweka siagi halali, kamili, inayoweza kupigwa mhuri, na nimepata tope... mtu wa namna gani hurekebisha mizani siku kama hii, mtu wa namna yangu, huyo ndiye wanayeuliza habari zake kule sebuleni, na wana haki ya kuuliza.

Naongeza unga, ngumi moja, bila kupima, vidole vinakataa kwanza kisha vinazoea, ngumi ya pili, nafikicha... kwa sababu kuna lile neno, siwezi kulikimbia hata nikijifungia jikoni, lile aliloambiwa mke wangu na mlezi wa makao ya watoto Jumamosi tulipokuwa tunaaga, aliambiwa kwa kicheko, akaniambia kwa kicheko, nami nikacheka kisha sikulala, kwamba yule mtoto wetu, yaani si wetu, yule mtoto, alipoulizwa anawaonaje wageni wake, alisema, "Mama ni mzuri, anacheka. Yule baba anatazama sana," basi, hakusema zaidi, akarudi kucheza, anatazama sana, ana miaka saba na amenisoma kama bango, maana ndicho ninachofanya, naingia mahali natazama sana, natafuta sindano iliyosogea, sahani iliyobandikwa kitu kwa chini, naanza na kasoro, ndivyo nilivyofunzwa, anza na kasoro, uzima utajitetea wenyewe, na vipi kama nikimtazama mtoto hivyo, kila asubuhi mezani, mtoto ambaye ameshatazamwa na ofisi zote za dunia, amepimwa, amepigwa picha, amejazwa kwenye mafaili, kisha anakuja kwetu anamkuta mkaguzi mwingine kavaa kandambili... "hapana, hajawahi kuninyanyulia sauti," huyo ni mke wangu, ameulizwa kama nina hasira, "akikasirika anapanga kabati," na dada yangu, "anapanga na la jirani," na sasa hicho ni kicheko, hata kupitia mlango, hicho si kikohozi... nafikicha, unga umeanza kuachana na vidole, nilimtazama, ndiyo, nini nilichokuwa natazama, nijibu kama ningeulizwa na mkubwa wangu wa kazi, niliona jino lake la mbele linaota kwa ubavu kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni, niliona kiatu cha kushoto hakifungwi kamba, cha kulia tu, na nilipomwonyesha akaniambia, "Hicho hakinivuki mguuni," na kweli, hakivuki, niliona anashika kijiko kwa ngumi, na kipande cha nyama alikificha chini ya wali, akala wali wote pembeni mpaka nyama ikabaki peke yake kama kisiwa, akaitazama kwanza, akaichelewesha, ndipo akaila, na alikuwa anasema kitu chini chini wakati anakula, si kwangu, wimbo, hauna maneno, unapanda pale pale kila mara, nilirudi nyumbani nikiwa naupiga mluzi kwenye basi bila kujijua mpaka mwanamke wa kiti cha mbele akageuka...

Ngoja.

Ngoja kwanza, kasoro iko wapi hapo, nimehesabu nini, mizani niliyoikagua jana asubuhi ilikuwa ya rangi gani, sijui, ya juzi ilikuwa ya nani, sijui, nikishapiga mhuri natoka na duka linatoka kichwani kama maji kwenye chujio, ndiyo maana naweza kulala, hivyo ndivyo mkaguzi anavyotazama, anatazama ili aondoke, na huyu mtoto sijamwacha, huyu ninaye mzima mzima, jino, kamba, ngumi, kisiwa cha nyama, ningeweza kumchagua kwa nyayo kwenye ua uliojaa watoto, basi mtoto alisema kweli, natazama sana, ila labda yeye na mimi wote hatukujua kinachotazama ni nini, mimi nilidhani ni kazi, loo, mtu mzima na mvi zake anakuja kujigundua jikoni kwa mkewe, kavaa maua... "na mzee mwenyewe?" hiyo ni sauti ya afisa, imesogea, amesimama labda, amefika karibu na mlango, "yeye ana hofu gani? Kila mtu anayo. Mama ameniambia ya kwake, nimefurahi ameisema," na mke wangu anajibu polepole, "Hilo sitamsemea. Aje mwenyewe," halafu kwa sauti ya kunifikia, "Bwana, unaitwa," na nilikuwa na jibu, nililiandaa tangu juzi mbele ya kioo, jibu la kiofisi lenye vifungu, kwamba hofu yetu kuu ni kutokidhi mahitaji ya mtoto kwa wakati, ningelisema wima, ningepigiwa tik, ni jibu la mtu asiye na mtoto, na sasa hivi silioni tena, limeyeyuka, nitamwambia lipi, nitamwambia naogopa mtoto ataniona namtazama na asijue kwa nini, na kwamba nitamwambia mtoto kwa nini, kila siku ikibidi, kwa maneno ambayo sijayazoea na nitayakosea, na kwamba nikiambiwa hapana leo nitarudi kule makao Jumamosi vilevile, nikae kwenye lile benchi tulilokaa naye, kwa sababu wimbo ule una sehemu ya pili na bado sijaisikia vizuri... "Bwana?" "Nakuja," nasema, na siendi bado, mikono iko bakulini, chenga zimekuwa chenga, karibu zote, kuna mabonge mawili matatu makubwa chini ambayo mke wangu angeyavunja, naliinua moja, nalizungusha, nalirudisha lilivyo, bonge kama hili mtoto wangu atalificha chini ya matunda mpaka mwisho, nakuja, nasema tena, nakuja.