Nywele za Pompon

"Papa Célestin, wembe hapana!"

Wanawake waliolazwa pavilioni walipiga kelele kwa pamoja, mpaka mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akazinduka akiuliza kama vita imerudi. Vita haikuwa imerudi. Ni mbwa tu aliyekuwa karibu kunyolewa barazani.

Célestin alikuwa mpishi wa mfanyabiashara mmoja Mgiriki. Bosi aliukimbia mji wa Kisangani kwa ndege, akamwachia funguo, sufuria na Pompon, mbwa mweupe mwenye nywele ndefu zilizomfunika macho. Vita ya siku sita iliyoupiga mji ilipokwisha, Célestin alikuja hospitalini kumwona dada yake, na mbwa akamfuata nyuma. Mama mmoja aliyekuwa hajafungua kinywa juma zima alimtazama mbwa huyo, akacheka hadi mishono ikamuuma. Tangu hapo, kila Alhamisi, Pompon alikuwa na ruhusa ya kuzunguka vitandani.

Lakini mvua zilikuwa zimemgandisha matope, na muuguzi Simone, mwanamke asiyetaniwa, alikuwa ametoa hukumu: "Anyolewe leo, ao asiingie tena. Hapa iko hospitali, hapana ferme ya mifugo."

Viviane alikuwa amekaa barazani hapohapo, mkono wa kulia ameuficha chini ya kitenge. Kipande cha bomu kilikuwa kimepita katikati ya kiganja. Miaka kumi na minne alisuka nywele karibu na soko, na kichwa kilichopita mikononi mwake Jumamosi kiliingia kanisani Jumapili kwa maringo. Daktari alimwambia akunje vidole kila siku kabla havijakauka moja kwa moja, akampa mpira wa matambara aufinye. Viviane aliutupa chini ya kitanda. Aliogopa. Maadamu hajajaribu, hakuna wa kumwambia kwamba mkono umekufa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakulala pavilioni ile.

Célestin aliurudisha wembe mfukoni, akachukua kitana, akavuta kuanzia shinani. Pompon alilia kama mtoto wa chanjo.

"Weye!" Viviane alishindwa kuvumilia. "Unavuta mulango ao nywele? Anza ku ncha! Na ushike karibu na ngozi, asisikie maumivu."

"Nishike na mukono gani, mama? Moja iko na kitana, ya pili inashika kichwa yake asikimbie. Mie niko na mikono mbili tu."

"Leta hapa."

Alishika kitana kwa mkono wa kushoto. Célestin akakishika kichwa kwa mikono yote miwili. Lakini bado lilibaki shungi la nywele la kushikwa pale kwenye ngozi, na kabla Viviane hajafikiri, mkono wa kulia ulikuwa umetoka kwenye kitenge. Kidole gumba kikajongea. Viwili vikakifuata, vikafunga kidogo tu. Uliuma mpaka machozi yakamlenga. Pompon akatulia.

Alichana ncha, akapanda kidogo, akarudi kwenye ncha. Fundo la nyuma ya sikio likakataa katakata. Viviane akaomba mafuta, na mafuta yaliyopatikana ni mawese ya mgonjwa wa jirani. Célestin, mpishi tangu ujana wake, aliyamimina kama yuko jikoni. Fundo lilifumuka, ndiyo, lakini Pompon aliyekuwa mweupe akawa rangi ya chungwa, na sabuni mara mbili haikubadilisha kitu. Pavilioni nzima ilivunjika mbavu.

"Sasa tumusuke," alisema Viviane, "matope isirudie."

Msuko wa kwanza ulichukua muda ambao zamani ungemtosha kumaliza nusu kichwa. Ulipinda. Aliutazama.

"Imepinda," alisema.

"Imbwa hauliza," alijibu Célestin.

Akasuka wa pili. Alipofika wa tisa, Simone alikuwa amesimama mlangoni.

"Mumemutengeneza ao mumemupika?"

Simone aliinama, akapapasa nyuma ya masikio, chini ya tumbo, katikati ya vidole. Hakukuta fundo hata moja.

"Bon. Aingie."

Kisha akautazama mkono wa Viviane, ambao ulikuwa bado haujarudi chini ya kitenge. Alivua kofia yake ya kazi, akavuta kigoda, akakaa, akampa mgongo.

Viviane alitishika. "Mama Simone, mistari itapinda. Utaiona mu kioo."

"Kioo gani? Ya kwangu ilipasuka na mabombe. Anza." Akageuka nusu. "Lakini osha kwanza hiyo kitana."

Viviane alikiosha, akakikausha kwa kitenge, akaweka ncha yake juu ya paji la uso wa Simone. Mstari ukaanza safari kuelekea kisogoni, polepole, na Simone alikaa, shingo ameinyosha, bila kutikisika.