Mayai ya Masjala

Mkurugenzi mpya alikuwa na desturi ya kula yai moja la kuchemsha saa nne kamili, na siku yake ya tatu kazini yai lilimshinda. Ganda lilibanduka na nusu ya ute. Akaja nalo masjala, lina makovu kama mtu aliyeburuzwa kwenye kokoto, akaliweka juu ya majalada yangu.

"Mzee, nani kauza hili?"

"Mama wa langoni, mheshimiwa."

Sikuongeza kwamba ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, wala kwamba beseni lile la langoni ndilo linalomlisha.

"Una siku kumi. Nikipata jingine la namna hii, akauzie kwingine."

Jioni nilimkuta shemeji jikoni.

"Nachagua ya leo leo," alisema. "Bado yana joto la kuku. Sasa anataka niyavalishe suti?"

"Anataka yavulike bila ugomvi."

"Basi wewe msomi wa madarasa ya jioni, yavue."

Tulitia chumvi. Tuliyatosa kwenye maji baridi. Ganda liling'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Nikamwambia aniletee trei moja mbichi ofisini, nikayachunguze kwa utulivu.

Kinachoingia masjala hugongwa mhuri. Kwa miaka thelathini na moja sijaivunja kanuni hiyo, nami nisingeanza na mayai. Niliyagonga IMEPOKELEWA, na tarehe, polepole. Yakapasuka mawili tu. Nikayafungulia jalada, nikayapeleka rafu ya kusubiri. Kwetu hakuna kinachotoka kabla ya siku saba. Hata barua za rambirambi hungoja.

Siku ya nane shemeji akaja amenuna.

"Umeniozeshea mayai."

"Yamefuata utaratibu. Chemsha."

La kwanza lilivua ganda kama koti, kwa vidole viwili. La pili vilevile. Shemeji akaketi.

"Kumbe yalitaka kukaa ofisini."

"Yai la leo limeshikamana na ganda lake," nilimweleza. "Ukiliacha wiki moja, hulegea lenyewe."

"Kama nyinyi."

Saa nne Mkurugenzi alimenya lake. Likatoka jeupe, laini, halina hata mkwaruzo. Kisha akalitazama ganda, akasoma mhuri.

"Hili lilipokelewa wiki iliyopita."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alilila lote, akajifuta vidole, akasema ofisi yake haivumilii uzembe. Alasiri amri ikashuka kwa maandishi: kuanzia sasa mayai yasicheleweshwe masjala, yashughulikiwe siku hiyohiyo yanapotagwa.

Niliipokea kwa mikono miwili. Nikaigonga mhuri, nikaipeleka rafu ya kusubiri, nikaiweka nyuma ya ombi la kiti changu kipya, ambalo linaingia mwaka wa sita. Shemeji bado yuko langoni na beseni lake, na kila Jumatatu naye hupita kwangu na trei, apate tarehe.