Namba Iliyoganda Urambo

Mwaka 1995, katika kituo cha kununulia tumbaku Urambo, Eustadia aliandika programu ya kusoma mizani kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Robota la tumbaku likapandishwa, likashushwa, likaja jingine, lakini kompyuta iling'ang'ania namba ileile.

"Nyaya nimezikagua, dada, ni nzima," alisema Abbasi, fundi umeme.

Eustadia alizidi kuchanganyikiwa. Akiongeza mstari wa kuonyesha namba kila inaposomwa, programu inafanya kazi. Akiufuta, namba inaganda tena.

Akairudia kompaila, ile inayogeuza programu kuwa lugha ya mashine. Asubuhi ilimwonya kwamba amedondosha neno "volatile", linalosema thamani hii hubadilika yenyewe, isomwe upya kila mara. Kwa haraka zake alikuwa amelinyamazisha onyo. Sasa akalirudisha neno mahali pake. Robota likapandishwa, namba ikapanda nalo.

"Kumbe tatizo lilikuwa nini?" Abbasi aliuliza.

"Programu ilisoma mizani mara moja tu, kisha ikawa inarudia ilichokumbuka."

"Mbona ule mstari wako uliiponya?"

Eustadia aliirudia skrini, akaisoma tena programu yake.

"Hapo, kaka, hata mimi sijapaelewa."