Kifua cha Karani

Daktari alimwambia fundi cherehani kwamba presha imepanda, na kukaa kutwa nzima kwenye cherehani kutammaliza. Basi kila asubuhi aruke kamba kabla ya kuanza kazi. Fundi akakata kipande cha kamba ya kuanikia nguo, akatoka uani, akaanza kuruka. Mumewe, karani mstaafu, akaweka kiti mlangoni, akakaa na kikombe cha chai akimtazama.

"Hivyo hivyo, mke wangu," alisema. "Usilegee."

Mwezi haujaisha, tumbo la karani likaingia ndani. Mashati yakambana kifuani, ikabidi fundi ayafumue mabega na kuyaongeza kitambaa. Kichwa nacho kikamfunguka karani: alikumbuka majina ya wote aliosoma nao, na uongo wote aliowaambia wakwe zake siku ya posa.

Fundi alizidi kuruka na kuzidi kuchoka. Miguu ilimvimba. Alimshonea mteja gauni lisilo na tundu la kichwa, akalipiga pasi, akalikunja vizuri, akamkabidhi.

Daktari alimpima, akarudia, kisha akauliza, "Ukiruka, nani anakuangalia?"

"Mume wangu."

"Basi manufaa ya mazoezi yanakwenda kwake. Wako watu wenye macho ya hivyo." Akamwandikia dawa zilezile, akaita mgonjwa mwingine.

Kuanzia hapo fundi aliruka chumbani, mlango kautia komeo. Miguu ikaanza kunywea, naye akakumbuka alikouweka mkasi wake mkubwa. Lakini karani akawa anahema akipanda ngazi, na mashati yakampwaya. Akaenda kushtaki kwa mama yake.

Mama mkwe alikuja na wifi, wakakaa sebuleni.

"Mwanangu, unamnyima mumeo afya yake?"

"Ni afya yangu, mama."

"Ndoa haina changu wala chako. Na tangu lini mke akamfungia mumewe mlango?"

"Kutazamwa tu, wifi," aliongeza dada mtu. "Kwani macho yanakula?"

Fundi akaomba jambo moja: na karani aruke, yeye akae amtazame. Mama mkwe akaona hiyo ni haki. Wakatoka uani wote. Fundi akakaa kitini, karani akaanza kuruka. Papo hapo fundi akahisi damu ikimtembea hadi kwenye vidole, magoti yakawa mepesi, na jina la shoga yake wa utotoni, alilolitafuta muda mrefu, likamjia mdomoni. Alikuwa hajalitamka, karani akakanyaga kamba na kusimama.

"Kamba yenyewe fupi," alisema, akimrudishia. "Hii imekuzoea wewe."

"Mwanangu kajitahidi," mama mkwe akasema, na kikao kikaishia hapo.

Komeo likang'olewa. Fundi akarudi uani.

Mtaa ulipoandaa mbio za wazee, karani alimwomba mkewe abaki nyumbani, asije akamtazama. Fundi akabaki, akishona vifungo. Jioni karani alirudi na medali shingoni na majirani nyuma yake. Aliwaeleza kwamba siri ya ushindi ni nidhamu. Jirani mmoja akamshika fundi mkono.

"Una bahati, dada. Mwenzio hazeeki."

"Ee," fundi alisema. Alilitafuta jina la jirani huyo, hakulipata, akamkaribisha chai.

Asubuhi iliyofuata karani alikuwa mlangoni mapema.

"Inua miguu zaidi leo," alisema. "Safari hii ni mbio ndefu."

Fundi akasimama kidogo, kamba mkononi. "Nani anakimbia?"

"Sisi," karani alisema, akapuliza chai yake.

Fundi akainua miguu.