Herufi Mia na Sitini

Redioni kwetu Mpanda, matangazo ya vifo huingia kwa meseji, na kompyuta huyapanga kila tangazo mstari mmoja. Mtangazaji wetu, Eustace, alikuwa halali kwa kulalamika.

"Agatha, watu wanaandika ukoo mzima! Nitasoma mpaka saa ngapi?"

Mimi ndiye fundi wa mitambo, na napenda mno kusifiwa. Nikaongeza amri moja tu kwenye skripti, ile programu ndogo inayoyapanga: cut -c1-160. Yaani kila mstari ubaki na herufi mia na sitini za mwanzo, zilizobaki zitupwe. Kompyuta haikuuliza kitu. Eustace akaninunulia soda.

Wiki ya pili, siku ya Jumatatu, akaingia mama mmoja kafunga kitambaa cheusi kichwani. Aliitwa Suzana, mkazi wa Karema, ametokea msibani Inyonga.

"Nyie ndio mlisoma Jumanne kwamba mama yangu anazikwa siku ileile saa kumi?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Nilisikia saa saba mchana. Kutoka Karema ningewahi vipi? Nikalia hapohapo, nikangoja gari la Jumamosi. Nafika, kaka yangu Gervais hanisalimii. Anasema walinisubiri siku mbili, mwili uko ndani, na redio iliniita. Simu yangu ilidumbukia ziwani, dada, mimi redio tu ndiyo ninayo. Mliniita?"

Nikafungua faili la meseji zilivyoingia, kabla ya kukatwa, nikaitafuta ya Jumanne. Ilikuwa hivi:

"Familia ya Mzee Lyamba wa Inyonga inasikitika kutangaza kifo cha mama yao Marsela kilichotokea jana hospitalini. Mazishi yamepangwa leo Jumanne saa kumi jioni, lakini Suzana wa Karema akichelewa tunamsubiri mpaka Alhamisi. Suzana, njoo, mama hazikwi bila wewe."

Mkato ule baada ya "jioni" ndipo herufi zangu zilipoishia.

Nikamwambia ukweli. Si Eustace, si mtandao, ni mimi. Nilimkata yeye ili mtu asichoke kusoma. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliomba jambo moja: tangazo lisomwe lote leo, Gervais asikie kwa redio hiihii kwamba siku ile dada yake hakuitwa.

Nikaifuta ile amri. Saa saba Eustace akaeleza kosa letu, akaomba radhi, kisha akaanza kusoma taratibu. Mimi na Suzana tulikaa nje ya kioo cha studio, spika ikiwa juu yetu.

"Suzana, njoo, mama hazikwi bila wewe."

"Abee," akaitika.

Akasimama, akachukua mkoba wake, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Hapo akakumbuka. Akarudi, akakaa, mkoba mapajani.