Kigelegele cha Marie-Goretti

Farasi mwenyewe alikuwa na miaka sita tu, lakini Didace alimwita Mzee. "Si amestaafu?" alimwambia mkewe. "Mimi bado naamka alfajiri, yeye anakula pensheni ya majani."

Pensheni gani. Mzee alitoka kwenye mbio hajui kitu kingine duniani zaidi ya kukimbia, na Didace, Mrundi wa Haltom City aliyeajiriwa kwenye shamba nje ya Fort Worth, Texas, alikaa naye miezi akimfundisha jambo moja gumu: kutulia. Asimame mtu anapopanda. Atembee polepole. Bosi alishasema wazi: kile kituo cha mjini Katy, cha kuwapandisha farasi watoto wenye ulemavu, kikimkataa, Mzee anakwenda mnadani. Na pale mnadani, farasi asiye na kazi hununuliwa na watu wa nyama.

Siku ya majaribio Didace alikuja na familia. Mkewe, Marie-Goretti, alivaa kitenge cha kanisani kabisa. Binti yao Ella alishika simu, anarekodi.

"Papa Ella, mbona unatetemeka kama wewe ndiye unayepandwa?"

"Nyamaza, Mama Ella. Unanitia wasiwasi."

Wawira, Mkenya aliyetumwa na kituo, akapanda. Akafungua mwavuli juu ya shingo ya farasi. Mzee kimya. Wakamviringishia mpira miguuni. Mzee akautazama tu, kama mtu aliyeonyeshwa picha za harusi asiyoijua.

Wawira akacheka. "Bwana Didace, huyu ameiva. Namchukua."

Furaha ikampanda Marie-Goretti. Tangu wafike Marekani hakuwahi kupata la kumpigia mumewe kigelegele. Sasa akakipiga, kirefu, kikali, kile cha kumpokea bibi harusi.

Mzee akasikia jukwaa zima la mbio limesimama kumshangilia. Akachomoka. Wawira akavuta hatamu, na farasi wa mbio ukimvuta ndiyo unamwambia aongeze mwendo.

"Legeza! Usivute, legeza!" Didace alikimbilia uwanjani na mabuti yake ya mpira.

Mzee alizunguka uwanja, akazunguka tena, mzuri ajabu, mpaka akasimama mwenyewe. Anahema, shingo juu, anasubiri kusifiwa.

Didace akamsifu. Angefanya nini?

Wawira alishuka, akamrudishia Didace hatamu. "Pole sana. Watoto wetu wakifurahi hupiga kelele. Siwezi."

Ndani ya gari, Marie-Goretti aliuliza, "Ni mimi?"

"Hapana. Kuna lori lilipiga honi kule barabarani."

Kiti cha nyuma, Ella alikuwa ameshafungua video. Kigelegele kikasikika, halafu kwato. Akaizima haraka.

Jumapili palikuwa na ubatizo. Akina mama wote walipiga vigelegele. Marie-Goretti alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Kesho yake lori la mnada likaja. Mzee alipanda bila kuvutwa, polepole, ametulia, vile vile alivyofundishwa.